Mama na Safari za Watoto Wake

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, Mkoa wa Singida

  Natumaini kila darasa limekwisha kusanyika, na yule aliyekaa nyuma kabisa anasikia vizuri. Mazungumzo haya yamechapwa katika kurasa hizi ili baada ya kusikiliza mpate kuyasoma wenyewe, polepole, neno kwa neno. Mtu akikuta neno gumu, aliwekee alama kwa kalamu ya risasi, kisha amwulize mwalimu. Si aibu kuuliza.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya safari za watoto wetu. Sina maana ya matembezi. Nina maana ya jinsi mtoto anavyotoka nyumbani kidogo kidogo: kwanza mgongoni mwa mama, kisha kwa miguu yake mwenyewe, na mwisho kwa basi, naye mama anabaki mlangoni akitazama vumbi.

Mimi ni afisa wa elimu, na kazi yangu ni kuzunguka katika vijiji vya mkoa wetu. Tena ni mama wa watoto watatu. Mkubwa ni msichana wa miaka 13, wa kati ana miaka 9, na mdogo ana miaka 4. Basi, kila ninaposhuka katika gari kijijini, swali la kwanza la akina mama haliwi juu ya madaftari wala chaki. Wananiuliza, "Watoto umemwachia nani?"

Ni swali zuri, nami huwajibu kweli. Nimemwachia binti wa watu. Nyumbani kwangu yuko dada wa kazi, ana miaka 22, na kwao ni wilaya ya Mkalama. Bila yeye mimi nisingeweza kufika Itigi wala Kiomboi kuja kuwaona. Lakini binti huyo naye ana mama yake. Na mama huyo, akiwa kisimani na ndoo yake, huulizwa na majirani swali lile lile: "Binti yako umemwachia nani?" Jibu lake ni mimi. Kwa hivyo jambo hili nalijua kwa pande zote mbili, na nitawaeleza jinsi mama yule alivyonihoji. Kwanza, lakini, tuanze na safari ndogo.

Safari ya kwanza ya mtoto ni ya mgongoni. Mama humfunga kwa kitenge, akaenda naye shambani, kisimani na kliniki. Katika safari hiyo mtoto hana analopaswa kujua. Mama ndiye ajuaye yote. Kuna kitu kimoja tu ambacho nawaomba mkitunze, nacho ni kadi ya kliniki. Wengi huiweka chini ya godoro, ikaliwa na panya. Iwekeni katika mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku. Humo mmeandikwa siku aliyozaliwa mtoto, uzito wake mwezi kwa mwezi, na chanjo alizopata. Nanyi mnaojifunza kusoma, kadi hiyo ni kitabu kizuri cha kusomea nyumbani, maana habari zake zinamhusu mtu unayempenda.

Baada ya kadi, tafuteni cheti cha kuzaliwa. Ofisi ya serikali inayoandikisha vizazi na vifo huitwa RITA. Mwaka 2013 ofisi hiyo ilianza mkoani Mbeya mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 5 karibu na kwao, katika vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo, na baadaye mpango huo ukaenea katika mikoa mingine. Pengine mtaniuliza, cheti kina uhusiano gani na safari? Kina uhusiano mkubwa. Mtu akija kwako na kusema, "Huyu binti ni mkubwa, anafaa kazi," mama mwenye cheti humjibu kwa tarehe. Mama asiye na cheti humjibu, "Alizaliwa mwaka ule wa mvua nyingi." Basi mgeni humtazama mtoto urefu wake, akamkadiria miaka anayoitaka yeye.

Safari ya pili ni ya basi, mtoto akiwa amepakatwa, kwenda kumwona bibi au kwenda hospitali kubwa. Zamani watu wa huku walitembea siku nyingi mpaka Manyoni kupanda gari la moshi, katika reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Leo barabara ya lami inatoka Dodoma, inapita Manyoni na Ikungi, inafika Singida mjini, kisha inaendelea Iramba na kuteremka Mlima Sekenke kuelekea Igunga. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, jambo lililokuwa limekatazwa kwa miaka mingi. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, safari ya saa chache tu. Basi mtoto anaweza kunywa uji kwao Iramba asubuhi, na usiku wa siku ile ile akawa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 kutoka kwao. Njia imekuwa fupi kwa kila mtu, na mwenye nia mbaya naye anaipita.

Katika safari hizi za basi ndipo mtoto anapoanza kujifunza. Mama mmoja wa darasa la Ikungi alinisimulia kwamba aliwafundisha watoto wake kutaja majina yao matatu, jina la mama, jina la baba, kijiji, kata, wilaya, na namba ya simu. Hakuwafundisha kwa fimbo. Waliimba wakati wa kupepeta mtama, kama wimbo wa kuchezea. Siku moja katika stendi ya Misuna, watu walikuwa wengi, na mtoto wake wa miaka 5 akafuata kitenge kilichofanana na cha mama yake. Alipoinua macho akaona uso mgeni. Yule mtoto hakulia sana. Alikwenda kwa mama lishe aliyekuwa akipakua wali, akaimba wimbo wake wote, tangu jina mpaka namba ya simu. Mama lishe akapiga namba ile. Mama yake alikuwa hatua mia moja tu kutoka pale, amekwisha kuanza kupiga kelele.

Nawaambia, nilipotoka Ikungi jioni ile niliwafundisha wangu.

Juu ya safari ya tatu, yaani ya shule, sitasema mengi, kwa sababu tumeizungumza mara nyingi katika masomo yetu. Mnajua kwamba tangu Januari 2016 hakuna ada katika shule za sekondari za serikali kidato cha kwanza mpaka cha nne, na kwamba mwaka 2022 ada iliondolewa katika kidato cha tano na cha sita. Lakini ada si safari yote. Kuna sare, kuna chakula, kuna daftari, na kuna ile njia yenyewe, ambayo kwa watoto wengine ni ya saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Msichana anayetembea peke yake saa tatu kwa siku anakutana na watu wengi, na wengine wana pikipiki na pesa ya chipsi. Kama watoto wa kitongoji chenu wanasoma shule moja, watembee pamoja, na mzazi mmoja awapokee njiani kwa zamu. Kazi hii akina baba wanaiweza sana, wala haihitaji mkutano mkubwa.

Tena kuna jambo ambalo watu wa vijijini wengi hawajalisikia vizuri. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya kupata mtoto anaruhusiwa kurudi shuleni. Zamani alifukuzwa, na mlango ukafungwa. Kwa hivyo wazazi wengi walimpeleka binti huyo mjini upesi, aende akafanye kazi kwa watu, ili aibu isionekane kijijini. Mtoto mchanga akabaki na bibi, na mama yake akaenda kulea mtoto wa mwingine. Mimi naona hesabu hiyo haikuwa sawa hata siku zile. Siku hizi haina sababu kabisa.

Sasa nafika katika safari ninayotaka tuizungumze kwa muda mrefu.

Ninyi mnajua mgeni huyu anavyokuja. Mara nyingi huja mwezi wa Januari au Februari, mtama ungali shambani na ghala limekuwa jepesi. Au huja baada ya matokeo ya darasa la saba. Mara nyingi si mgeni hasa. Ni shangazi wa mbali, au ni binti wa kijiji aliyeolewa mjini. Amevaa vizuri. Ameleta sukari kilo mbili na sabuni ya mche. Anakaa, anasifu mlenda, anauliza habari za mifugo. Halafu anasema, "Nipe huyu binti. Atanisaidia kulea mtoto, nami nitampeleka kujifunza cherehani."

Mama anatazama chungu. Midomo ni saba, na mmoja ukiondoka chungu kitatosha. Simlaumu mama huyo. Mkoa wa Singida, pamoja na Iringa na Dodoma, umekuwa kwa miaka mingi mmoja wa mikoa inayotoa wasichana wengi wanaofanya kazi katika nyumba za watu mjini. Wengine wamefanikiwa. Wako waliojenga nyumba za bati kwa wazazi wao, na wako waliosomesha wadogo zao mpaka chuo. Kazi ya nyumbani ni kazi, wala hakuna aibu kufua nguo na kulea mtoto kwa mshahara. Lakini wako pia ambao mama zao hawajui hadi leo wanalala mtaa gani.

Basi kwanza tujue sheria inasema nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwamba mtoto ni mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18. Inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mwenye miaka 14 mpaka 17 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya wala kumzuia kusoma. Tena haifai kumfanyisha kazi tangu saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Someni tena sentensi hiyo. Mtoto wa miaka 15 anayeamshwa saa kumi alfajiri kupika chai, na kulala saa tano usiku baada ya kuosha vyombo, anafanyishwa kazi kinyume cha sheria, hata kama analipwa.

Kadhalika iko sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara haramu ya kusafirisha binadamu. Mtu anayemchukua mtoto kwa maneno ya uongo ili akamtumikishe ana kosa. Hawezi kujitetea kwa kusema, "Mama yake alikubali." Nalisema hili kwa sababu akina mama wengi wananyamaza baadaye, wakidhani kwamba kwa kuwa walipokea sukari na nauli, nao wamekwisha kufungwa mdomo. Hawakufungwa mdomo. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, au kwa afisa ustawi wa jamii, au polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Pia unaweza kupiga simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto, nayo haina malipo. Namba hiyo iandikeni sasa hivi. Moja, moja, sita.

Sasa niwaambie habari ya mama wa Mkalama.

Binti yake alipotaka kuja kwangu alikuwa na miaka 19. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na alama zake hazikutosha kuendelea. Mimi nilifika kwao na mume wangu, tukakaribishwa, tukapewa kigoda. Nilidhani tutazungumza dakika chache, tukubaliane mshahara, tuondoke. Mama yule akaingia ndani, akatoka na daftari la darasa la watu wazima, lenye karatasi za mistari, na kalamu ya risasi aliyoichonga kwa kisu. Akakaa chini, akanyosha miguu, akaliweka daftari juu ya mapaja yake.

Akasema, "Jina lako lote, mwanangu."

Nikamtajia. Aliandika herufi moja moja, na kila alipomaliza neno alilisoma kwa sauti ili nimsahihishe. Akaandika jina la mume wangu. Akaandika mtaa wetu, na jina la mwenyekiti wa mtaa, na nyumba yetu iko karibu na nini. Akataka namba mbili za simu, si moja, "maana moja yaweza kuzimwa." Akauliza nyumba ina watu wangapi, na wanaume ni wangapi, na wageni wa kiume hulala chumba gani. Akauliza, "Binti yangu atalala wapi? Mlango unafungwa kwa ndani?" Akauliza ataamka saa ngapi. Akauliza siku ya kupumzika ni ipi. Akauliza atakuja kwao lini, na nauli atatoa nani.

Halafu tukafika kwenye mshahara. Hakuuliza, "Utampa ngapi?" Aliuliza, "Serikali inasema ngapi?" Mimi nikacheka kidogo, yeye hakucheka. Basi nikamweleza, kama ninavyowaeleza ninyi, kwamba serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara, hata kwa wafanyakazi wa nyumbani. Katika tangazo lililoanza kutumika Januari 2023, kima cha dada anayeishi katika nyumba ya mwajiri wa kawaida kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo msishike hiyo kama amri ya milele. Mwulizeni afisa kazi kiwango cha mwaka wenu. Mama aliandika, akapiga mstari chini yake. Kisha akasema pesa ile iingie katika simu ya binti mwenyewe. Isipitie kwa shangazi, wala kwa mjomba, wala kwake yeye mama. "Akitaka kunitumia, atanitumia. Asipotaka, nitamwuliza."

Tulipomaliza alimwita binti yake, akamsomea yote mbele yetu. Halafu tukaenda wote kwa mtendaji wa kijiji, tukatia sahihi karatasi mbili, moja yake na moja yangu, mtendaji akagonga muhuri.

Nilidhani yamekwisha. Wiki tatu baadaye mama alishuka Misuna na kuku wawili. Alikuja kuona mahali anapolala binti yake. Alikaa siku tatu. Alijaribu komeo la mlango kwa mkono wake. Alikula ugali wetu, akasema unga wa dukani hauna utamu, akaondoka.

Mimi nimezoea kuuliza maswali. Ndiyo kazi yangu. Siku ile niliulizwa mimi, na niliona haya kidogo mbele ya mume wangu. Baadaye niliona heshima. Nikajua kwamba binti huyu ana watu, na kila mtu nyumbani kwangu akajua vile vile.

Ndugu wasikilizaji, mama huyu hakuwa tajiri wala hakuwa amesoma sana. Alikuwa katika mwaka wake wa pili wa darasa kama lenu. Nataka mfikiri jinsi mambo yalivyokuwa kwa mama ambaye hakupata darasa.

Bibi zetu wanakumbuka wakati wa manamba. Wanaume wengi wa mikoa ya bara, na wa huku kwetu pia, walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, wakakaa huko mwaka, miaka miwili, wengine hawakurudi. Habari zilikuja kwa barua. Mke au mama aliyepata barua hakuweza kuifungua na kukaa nayo peke yake. Ilimbidi amtafute mwalimu, au karani, au mtoto wa jirani anayesoma darasa la nne. Na yule msomaji alijua habari kabla ya mwenyewe. Kama mume ameugua, karani alijua kwanza. Kama mume ameoa huko, kijiji kizima kilijua jioni ile. Na mama alipotaka kumjibu mtoto wake neno la siri, neno la kumwonya au kumfariji, alilipunguza, kwa sababu mkono unaoandika haukuwa wake.

Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo iliwakusanya watu karibu milioni 2 mbele ya redio nchi nzima, wengi wa bibi hao walishika kalamu kwa mara ya kwanza. Watu husema walijifunza ili kupambana na malaria na kuchimba vyoo. Ni kweli. Lakini bibi mmoja wa Puma aliniambia kwamba yeye alijifunza ili asome barua za mwanawe bila yule karani.

Siku hizi barua ni chache, lakini karani bado yuko. Amegeuka kuwa kijana wa duka la simu. Mama anapata ujumbe kutoka kwa binti yake, anampelekea kijana amsomee. Anapata pesa kwa simu, anampa kijana namba yake ya siri, amtolee. Kijana anajua mtoto wako ametuma kiasi gani, na anajua kama analia. Vijana wengi wa maduka hayo ni waaminifu. Lakini namba ya siri ni ya mtu mmoja, na ukiweza kusoma tarakimu kumi, kutoka sifuri mpaka tisa, hiyo namba utaibonyeza mwenyewe. Tarakimu hizo mmekwisha kuzijua wote.

Mama wa Mkalama na binti yake walikuwa na jambo lingine, nami sikuambiwa mpaka miaka miwili ilipopita, waliponiamini. Walipatana neno. Binti akipiga simu na kuuliza, "Yule kuku mweusi ametaga?" maana yake ni kwamba yuko mahali asipoweza kusema wazi, na mama aje, au amtume mtu. Kuku mweusi hayupo. Hakupata kuwapo. Kwangu neno hilo halikutumika, nashukuru. Lakini binti aliniambia kwamba usiku wa kwanza, alipolala katika kitanda kigeni, alikuwa akimfikiria yule kuku, na usingizi ukaja.

Msifikiri kwamba haya ni ya wasichana peke yao. Mvulana naye huondoka, tena huondoka kimya. Anakwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Sekenke au Londoni, au kuendesha pikipiki mjini, au kuchunga ng'ombe za watu mbali. Mama haulizi mengi, kwa sababu watu husema mwanamume hapotei. Mwanamume hupotea sana. Shimo la mgodi likiporomoka, wenzake wanamjua kwa jina la utani tu, hawajui kwao ni wapi. Mwandikie katika karatasi majina yake matatu na kijiji chake, na namba yako ya simu, aiweke katika mfuko wa suruali. Atacheka. Muache acheke, lakini aiweke.

Na kuna kuondoka kwingine ambako hakuna hatari, lakini kunamwuma mama. Mtoto aliyefaulu anaweza kupangiwa kidato cha tano Songea au Bukoba. Anarudi likizo amebadilika sauti. Unamsemesha Kinyaturu, anakujibu Kiswahili. Unampikia mlenda, anakula kidogo kwa adabu. Anakueleza mambo ya vitabu vyake, nawe huyaelewi, naye anaona kwamba huyaelewi, basi anaacha kukueleza. Akina mama wengi wameniambia kwamba hapo ndipo wanapohisi mtoto amesafiri kweli, kuliko siku ile ya basi. Mimi sina dawa ya jambo hilo. Nimeona tu kwamba mama anayeuliza, "Soma kidogo nisikie," hata kama haelewi yote, mtoto wake huendelea kumsomea. Na mama anayejifunza naye ana la kumwonyesha mtoto. Mwanamke mmoja wa Manyoni alimwonyesha mwanawe wa kidato cha tatu daftari lake la hesabu za kujumlisha. Mtoto akalisahihisha kwa wino mwekundu, akamwandikia alama: saba juu ya kumi. Mama yule amelitunza ukurasa huo kama cheti.

Binti yangu mkubwa, kama nilivyosema, ana miaka 13. Majuzi aliniuliza, akichaguliwa shule ya bweni ya mbali, nitamruhusu? Nikamwambia ndiyo. Kisha nikaenda jikoni, nikakaa huko kwa muda. Dada wa kazi alikuwa akichambua mboga. Akanitazama, hakusema kitu, akanisogezea kigoda. Yeye alikwisha kupita njia hiyo, na mama yake pia.

Sasa, kazi ya juma hili. Fungueni daftari ukurasa mpya. Juu kabisa andika jina la mtoto wako mmoja, majina yote matatu. Chini yake andika siku, mwezi na mwaka aliozaliwa; kama hukumbuki, tazama kadi ya kliniki, na kama kadi imeliwa na panya, mwulize mkunga au mwalimu wake. Chini yake andika mahali alipo sasa: mtaa au kijiji, wilaya, mkoa, na jina la mtu anayeishi naye. Halafu andika namba ya simu, tarakimu moja moja, uisome kwa sauti, na mwenzako aliye karibu aisikilize kama iko sawa. Mahali usipojua cha kuandika, acha nafasi wazi, na kabla ya darasa lijalo mtafute mtoto huyo umwulize.

Asiye na mtoto wa mbali na aandike habari za yule aliye naye nyumbani. Chini ya ukurasa, nyote, andikeni 116.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutajifunza kuandika barua fupi ya maneno ishirini, na jinsi ya kuituma kwa simu. Njooni na simu zenu, hata zile zenye kioo kilichopasuka. Kwaherini.